Sakafu ya Lambo

Jani kavu lilikuwa linazunguka katikati ya lambo, na upepo haukuwapo. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni tangu alfajiri, wamelowa chapachapa, wanacheka, wanayatazama maji ya mvua ya kwanza baada ya ukame uliowamalizia mbuzi na mihogo. Kwa kuwa walikuwa wanacheka, jani hawakuliona. Aliliona Mama Vyungu peke yake. Lilizunguka polepole, likasita, likazunguka tena, kama linalovutwa kwa chini.

“Wifi, mbona umenuna?” aliuliza dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye utani ulikuwa haumkauki mdomoni hata kwenye njaa. “Au unaogopa tutayanywa yote, ukose ya kukandia udongo?”

“Sijanuna. Nimelala vibaya tu.”

Uongo mtupu. Alikuwa amelala kama mtoto, akiisikiliza mvua.

Lambo lile lilichimbwa kwa mikono wakati wa kiangazi, na mradi wa maji ukiwalipa wachimbaji unga na maharage. Kijana wa mradi, waliyemwita Bwana Maji, alipigilia kigingi chini shimoni akawaambia, mkifika hapa basi, msipitishe hata jembe moja. Akapanda pikipiki yake akaenda zake. Sasa mtu mwenye kiu umwambie achimbe kidogo? Walikaa wakashauriana, wakaona kijana anabania. Shimo refu ni maji mengi, hilo hata mtoto analijua, na kazi ikiendelea na unga utaendelea. Penye wengi pana Mungu, husema watu, lakini siku ile penye wengi palikuwa na kelele tu. Hata hivyo, kabla ya kung’oa kigingi walimgeukia Mama Vyungu, maana mikono yake ilikuwa imeshinda kwenye udongo tangu usichana.

“Wewe ndiye mjuzi, mama. Tuendelee?”

Na udongo wenyewe ulikuwa pale pale, chini ya kigingi: mweusi, mzito, laini, hauna hata chembe ya kokoto. Wako wafinyanzi wanaokufa hawajaugusa udongo wa namna hiyo. Aliuminya, ukashika alama za vidole vyake hadi mistari ya ngozi. Alijua. Angekosaje kujua kwamba udongo unaoshika maji ndani ya mtungi ndio huo huo unaoyashika ndani ya ardhi? Lakini tamaa ina ulimi mtamu, hasa ikizungumza na mtu mwenye njaa. “Chimbeni,” akasema, “na huo mweusi mniletee.” Wakamletea, karai baada ya karai, mpaka uani pakakosa njia.

Mwanawe wa pekee alikuwa mmoja wa wachimbaji, na alikuwa amekwisha kumpa neno lake. “Mama, lambo likishika maji tunabaki. Lisiposhika, namchukua mke wangu na mtoto tunaondoka.” Kwenda wapi hakusema. Walioondoka kabla yake nao hawakusema, na hakuna aliyerudi.

Kesho yake baada ya mvua ile, maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha ukanda wa tope. Yakazidi kurudi, na mvua nayo ikakatika. Vicheko vikaisha. Wengine walimlaumu Bwana Maji, wengine walilaumu jua, wengine wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Hakuna aliyemtaja Mama Vyungu. Afadhali wangemtukana.

Alimkuta mwanawe anafunga godoro kwenye baiskeli. Mkwewe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni.

“Ni mimi,” alisema. “Ule udongo ndio uliokuwa unashika maji. Nilijua, mwanangu. Nikataka vyungu.”

Mwana hakuinua uso. “Jembe lililotoboa ni langu, mama. Mchanga ulitoka mweupe, mkavu. Nikaufukia kwa mguu.”

“Ukanyamaza?”

“Nilikutazama pale juu, umekumbatia karai, unaimba. Tangu baba afe sikuwa nimekusikia ukiimba.” Alikaza fundo, akalifungua, akalikaza upya. “Na nilikuwa nimechoka, sikufichi. Nikasema moyoni, likitoboka nitakuwa nimepata ruhusa.”

Mama Vyungu angemlaumu kwa kinywa gani? Mkwewe akaja akamshika mkono. “Mama, twende wote.”

“Tangulieni,” akasema, na wote watatu wakajua kwamba hatawafuata. Alimbusu mjukuu kisogoni, akasimama hadi baiskeli ilipopotea kwenye vumbi. Kisha alilia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Chungu kilichokwisha kuchomwa hakirudi kuwa udongo. Ukikivunja unapata vigae tu, na nusu ya kazi yake ilikuwa imepita motoni. Lakini vibichi vilikuwapo, vimepangwa ukutani vikingoja zamu. Aliviponda kwa mchi, kimoja kimoja, mitungi na vyungu, vile ambavyo vingemlisha hadi mavuno. Akajaza karai, akajitwika, akateremka lamboni na kuingia kwenye maji yaliyobaki. Yalimfika magotini. Alipapasa kwa unyayo mpaka akapata mahali penye mchanga, penye baridi iliyokuwa inavuta kwa chini. Akamwaga, akakanyaga. Akatoka akaleta karai jingine, na jingine. Ukingoni watu walianza kukusanyika.

“Amerukwa na akili,” mtu alisema.

Wifi yake aliteremka. Alikunja gauni lake, akaingia majini, akasimama karibu naye. Mama Vyungu alingoja mzaha. Haukuja.

“Udongo unaziba?” wifi aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama Vyungu alitulia, akasikiliza kwa unyayo. Maji bado yalikuwa yanavuta, au labda ni udongo mpya uliokuwa unatulia.

“Sijui,” alisema. “Kanyaga.”