Kompyuta Isiyozinduliwa

Kila asubuhi Justina, mkutubi wa maktaba ya Lubanda, alianza kazi kwa kuvua vitambaa. Kila kompyuta ilikuwa na chake, cha kufuma kwa uzi mweupe, maana vumbi jekundu la machimbo ya huku Geita halichagui pa kutua. Alivikung'uta mlangoni, akavikunja, akafuta vioo. Ile ya dirishani hakuigusa. Ilikuwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani, na juu ya nailoni utepe mwekundu uliofungwa ua, kama zawadi ya kipaimara.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kompyuta ya wasioona. Fundi kutoka Shinyanga aliiwekea programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, akaondoka. Hedifoni zake zilifungiwa kabatini. Ilikuwa haijazinduliwa. Mgeni rasmi alialikwa, akaahirisha, akaalikwa tena, akapata msiba, kisha akapata ziara, kisha mvua ikakata barabara. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa kwetu hakuja, na wenyeji waliendelea kuumwa.

Mabula alifika kiangazi, akipapasa ukuta kwa fimbo yake. Alikuwa mchimbaji mpaka siku ile baruti iliyokataa kulipuka ilipobadili nia, yeye na mwenzake Ndaki wakiwa wameiinamia. Mabula alitolewa bila macho. Ndaki alibaki chini, maana duara, shimo walilokuwa wakichimba, liliporomoka, na mwenye duara alisema humo hakukuwa na mtu mwingine. Wakafukia, wakafungua jingine pembeni.

Sasa redio ya mji ilimtaka Mabula. Mkuu wa redio, Valerian, alimsikia akitoa shukrani kwenye msiba, akaona sauti ile inafaa kusoma matangazo ya vifo: nzito, haina haraka, Kiswahili na Kisukuma vyote vimo. Ila matangazo huingia kwa kompyuta. Redioni walikuwa na programu ile ile ya kusoma kwa sauti, lakini hawakuwa na muda wa kufundisha mtu. Akampa mpaka mavuno ya pamba awe ameizoea, ndipo aje ajaribiwe. Nyumbani mkewe Ritha alikuwa akiponda mawe ya watu kwa nyundo ili wayachenjue dhahabu, na mgongo wake ulikuwa umekwisha. Mabula aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kuitaka dhahabu.

"Shikamoo, Mama Ansgar," alimwambia Justina. "Nimeambiwa kompyuta ya kusema ipo."

"Marahaba. Ipo. Haijazinduliwa."

"Niiguse tu, nijue vidole vinakaa wapi."

"Ukiigusa umeizindua."

Mabula akasema ana hedifoni zake mwenyewe, za simu. Justina akamjibu kwamba tatizo halikuwa hedifoni. Hakuwa na roho mbaya. Siku za nyuma aliwakalisha wanafunzi kwenye viti vipya kabla ya uzinduzi, akapewa onyo kali, na tangu hapo akawa anauogopa utepe kuliko nyoka. Akamweka Mabula kwenye kompyuta ya kawaida, ile bubu, ajifunze walau kuandika.

Akawa anakuja na kuandika asichokijua. Alasiri moja Ndaki akavuta kiti, akaketi karibu naye. Mabula alimtambua kwa harufu ya baruti na tope bichi.

"Mwadila," Ndaki alimsalimu kwa Kisukuma. "Umeandika Ushirombi badala ya Ushirombo. Sogeza kidole kulia."

Justina alimwomba mgeni afute miguu tu. Ndaki alifuta, lakini tope halikuisha, maana lilikuwa la chini kule, ambako hakuna aliyeshuka kuvuta maji. Justina akamtandikia gunia. Wasomaji wengine walimsalimu, mmoja akamuuliza hali ya kazi, akasema hakuna.

Ikawa desturi. Kila alasiri Ndaki alikuja kumsomea. Shule aliiachia darasa la nne, kwa hiyo alisoma polepole, kidole kikitambaa kwenye kioo na kuacha michirizi ambayo Justina aliifuta jioni. Akikuta Kiingereza, alieleza sura yake. "Hapa pana neno jekundu," alisema, "limekasirika." Mabula alicheka, kisha akaona uchungu kwa kuwa amecheka. Alimuuliza kama hachoki. Ndaki akasema amechoka sana, ila hapa angalau kuna dirisha.

Siku moja Mabula aliandika tangazo alilokusudia kulisoma redioni siku yake ya kwanza. Mama yake Ndaki, kule Kishapu, alikuwa bado anamwekea mwanawe ugali chini ya kawa. Walimwambia, akakataa. Msiba hauaminiki mpaka redio iseme. Ndaki alilisoma tangazo lile taratibu, akafika kwenye jina lake, akalikagua.

"Liko sawa," alisema.

Kisha wakubwa wa maktaba wakaja kukagua. Walimkuta Ndaki akisoma, Mabula akisikiliza, wakafurahi. Walisema huduma ya wasioona imeshaanza, tena bila gharama, kwa hiyo mgeni rasmi asisumbuliwe, aje akipata nafasi. Walimshika Ndaki mkono, wakajifuta tope kwa leso.

Pamba ilipovunwa, Mabula alikwenda redioni, na Ndaki akamsindikiza hadi getini. Mlinzi alitaka kitambulisho. Cha Ndaki kilikuwa kimelowa hata picha ikaondoka, kwa hiyo alibaki nje. Ndani, kompyuta ilianza kumsemesha Mabula mbio mbio, kwa sauti ya kizungu inayotafuna Kiswahili, naye hakujua kitufe cha kuituliza wala cha kuirudisha nyuma. Mkono wake ulienda pembeni kutafuta bega la Ndaki, ukakuta ukuta. Valerian alisubiri kwa subira ya kweli. Kisha akamshukuru kwa kuja, na kazi akapewa kijana anayeona.

Mabula alilia njiani. Macho yaliyokufa hulia kama mengine. Ritha akarudi kwenye mawe. Kishapu, ugali uliendelea kupoa chini ya kawa.

Hata hivyo Mabula aliendelea kwenda maktaba, na Ndaki aliendelea kumsomea, maana wote wawili hawakuwa na pengine pa kwenda alasiri.

Walikuwa hapo siku Paskazia alipoingia, mwalimu mstaafu wa Ushirombo ambaye kisukari kilimla macho. Justina alimwamkia, akamweleza utaratibu kwa upole. Kompyuta ya kusema haijazinduliwa, lakini asihofu, huduma ipo. Kila asiyeona anakuja na marehemu wake.

Paskazia aliuliza kama yule anayesoma pale hawezi kumsaidia na yeye. Justina akasema yule ana mtu wake.

"Wangu wote wazima," alisema Paskazia. "Mume wangu, wanangu, hata wajukuu. Namshukuru Mungu."

Justina alifikiri kidogo. Alitaka kusaidia. Akavuta kiti, akakifuta vumbi, akakiweka dirishani karibu na utepe, ambao jua lilikuwa limeushusha rangi mpaka ukawa wa waridi.

"Basi kaa hapa, mama," alisema. "Usubiri."