Sahani ya Mwenye Ndevu

Siku ya Mungu, kisha misa, Emérita wa Karuba aliweka mezani chakula cha bwana yake kama kawaida: mayai mawili ya kuchemusha, maharagi yenye mafuta, mboga ya lengalenga, na maziwa kwenye kikombe kikubwa. Straton alipapasa ndevu zake, chache kama nyasi ya mahali ng'ombe wamepita, akabariki chakula, akakula. Binti yao Noëlla, wa miaka mitatu, alikaa karibu na mafiga na kipande cha bugali ya muhogo na maji ya chumvi. Pale mulimani sheria ilijulikana: mwenye ndevu anatangulia, wengine wanasafisha chungu kwa kidole. Straton alikuwa muntu wa huruma. Chungu alikuwa anakisafisha mwenyewe.

Miguu ya Noëlla ilikuwa imevimba, nywele zake zimekuwa nyekundu kama nyuzi za mahindi. Majirani walisema mutoto ananenepa. Muganga Céline wa kituo cha afya alibonyeza muguu kwa kidole, na shimo likabaki pale.

“Ni bwaki, ugonjwa wa kukosa chakula cha kujenga mwili. Anakula nini?”

“Bugali,” Emérita alijibu.

“Na nini ingine?”

“Bugali ya mangaribi.”

“Mama Noëlla, kwenu kuko kuku, kuko mbuzi. Maharagi munalima mpaka muntu anapotelea ndani. Umupe yai, maharagi ya kuponda, lengalenga, na kanyama kadogo. Hii haiko dawa ya kununua, iko kwako nyumbani.”

“Mayai njo ya papa yake.”

“Na mbuzi?”

“Mbuzi, mwanamuke hawezi kula. Anaota ndevu.”

Céline alinawa mikono. “Kidevu ni chako,” alisema, akaita anayefuata.

Nyumbani Emérita alieleza yote. Straton alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa anatafuna.

“Yai inafanya mutoto akuwe mwizi,” alisema.

“Hawezi hata kusimama. Ataibia wapi?”

“Anaweza kutambaa.”

Kesho yake Emérita alificha yai moja ndani ya majivu ya moto, likaiva, akamupa Noëlla. Straton aliingia kabla mutoto hajaling'ata. Alilitoa katika vile vidole, akalimenya vizuri, akatia chumvi, akalimeza. Kisha akavaa kofia, akaenda Mushaki kunywa kasiksi, pombe ya ndizi.

Emérita hakulia. Alichukua kisu, akaenda nyuma ya nyumba, akachinja beberu ambaye Straton alikuwa anamufuga kwa Noeli. Alimupika na nyanya na kitunguu. Alikula ameketi, polepole, akaanza na maini. Noëlla alipata supu na nyama iliyopondwa laini.

Ndevu zilianza kutoka kabla hajamaliza muguu wa kwanza. Zilikuwa nyeusi na nene. Alipofika kwenye mbavu, zilikuwa zimefika kifuani. Alizichana, akapangusa mafuta, akaenda kukaa kwenye kiti cha bwana yake.

Straton alirudi, akamuangalia.

“Ulikula mbuzi yangu.”

“Nilikula.”

“Nilikuambia nini juu ya mbuzi?”

“Uliniambia. Njo maana nilikula.”

Straton alishika kidevu chake, akapima kwa macho kidevu cha bibi yake. Sheria ilikuwa ya papa yake na ya babu yake, na yeye hakuwa muntu wa kuvunja sheria. Alitoa kofia, akaenda kukaa karibu na mafiga.

Tangu siku ile Emérita alikula wa kwanza, na Noëlla alikula kwenye sahani moja na mama yake: yai, maharagi, lengalenga, maziwa. Miguu ya mutoto ilirudi kuwa miguu. Nywele zikaanza kutoka nyeusi. Alikimbiza kuku siku yote na hakuiba kitu. Straton alikula bugali na maji ya chumvi. Siku moja alinyoosha mukono kwenye maharagi, mwiko ukamupata kwenye vidole.

“Maharagi inafanya wanaume wakuwe wezi,” Emérita alisema.

Straton naye akavimba. Pale kituoni walimutundika katika kile kikaptula cha mizani ya kupimia watoto, magoti yakiburuza chini, na wamama wa kwenye mustari wakamuomba afanye haraka.

“Ni bwaki,” Céline alisema. “Kwenu kuko kuku, Papa Noëlla.”

“Mayai njo ya bibi yangu. Yeye njo mwenye ndevu.”

“Basi umuombe.”

Alimuomba. Alimuomba asubuhi, alimuomba mangaribi, alimuomba mbele ya padiri. Emérita alisikiliza kila mara mpaka mwisho, akitafuna.

Mukubwa wa Straton, Habumugisha, aliita wanaume wa mulima wote kutengeneza hiyo mambo. Walikuja, wakamukalisha Emérita katikati. Mumoja alivuta zile ndevu, zilikuwa zimeshika. Walizungumza mpaka kasiksi ikaisha, wakaona sheria haina kosa lolote, kosa ni la mbuzi. Basi wakakata neno kwamba tangu sasa kila mwanaume alale na mbuzi yake. Juu ya watoto hakuna aliyesema kitu.

Leo ukipita Karuba wanaume wananuka beberu hata kanisani, na hakuna anayeuliza. Mustari wa watoto waliovimba kwa Céline ni ule ule. Habumugisha anakula mayai yake mulangoni, kamba imefungwa upande mumoja kwenye muguu wa mbuzi, upande mwingine kwenye muguu wake. Binti yake anakaa karibu na mafiga na bugali, vidole vya miguu havionekani tena kwa kuvimba. Bibi yake Claudette ananoa kisu. Anaangalia kamba, upande huu, kisha upande ule. Bado hajachagua.