Kipenzi cha Rafu ya Juu

Msidanganywe, hata mwani hudekezwa. Siusemi ule wa baharini. Huu ni wa maji baridi, mdogo hata jicho halioni mmoja mmoja. Katika chumba kimoja cha maabara ulitunzwa ndani ya mirija ya kioo, mamia kwa mamia, lakini mtunzaji alipenda mirija mitatu kuliko yote. Mwani wa mirija hiyo uliwahi kuchotwa na Bibi Chupa, aliyemfundisha mtunzaji kazi kabla ya kustaafu, kwenye bwawa ambalo siku hizi limefukiwa, watu wanaegesha magari. Ukifa humu, umekwisha duniani.

Basi kwa mapenzi akaupandisha rafu ya juu, karibu na taa, unawiri. Leo Bibi Chupa anakuja kuuona, mtunzaji anauteremsha, lahaula! Mirija yote mitatu imepauka kama maji ya mchele. Hapohapo hodi ikapigwa.

"Shikamoo, mama. Nimekuulia mtoto," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Marahaba. Ulimweka wapi?"

"Juu. Kwenye taa."

"Ala! Mzaliwa wa kivuli cha magugu unamwanika kama shuka? Mwanangu, wengine huua kwa uzembe, wewe umeua kwa kudekeza!" Bibi Chupa akaguna, kisha akamkazia macho. "Na mrija mkongwe, uliowatoa hawa, uko wapi?"

Mtunzaji akashtuka. Kazi ile ina utaratibu wake: ukihamishia mwani kwenye mrija wenye chakula kipya, ule mkongwe unautupa mpya ukishika. Yeye moyo ulikataa kuutupa, akausukumia nyuma ya makopo, rafu ya chini kabisa, akausahau. Akapiga magoti, akapapasa.

Maji yalibaki kiduchu. Lakini chini yake, kijani, kijani kweli kweli!

Kigelegele cha Bibi Chupa kiliwatoa mbio watu wa ofisi ya jirani. Wawili wale wakauhamishia kwenye mirija mipya huku wakicheka kama wasichana, wakaiweka kivulini.

Bibi Chupa aliporudi baada ya wiki chache, mirija yote ilikuwa imeshika rangi. Mtunzaji kwa furaha akanyakua mmoja aupeleke dirishani, waufaidi vizuri. Bibi Chupa akamdaka mkono.

"Mrudishe, mwanangu. Huyu anapendwa kwa mbali."