Vyeti Hamsini na Vinane

Aoko alizitandaza karatasi juu ya meza ya duka lake kule Kansanga, jijini Kampala, moja baada ya nyingine, kisha akasimama pembeni amwachie Rukiah achague.

"Hii ndiyo inapendwa na maofisi, nyabo," akasema, akigonga kwa ukucha kadi moja iliyong'aa kama kioo. "Mtu akipewa cheti cha namna hii, anakitundika ukutani hata kama hajui kilichoandikwa."

"Wa kwetu wanajua kilichoandikwa," Rukiah akajibu. "Ndiyo sababu wanapewa cheti."

Aoko akacheka mpaka akaushika ukingo wa meza. Rukiah aliipapasa ile kadi, akaigeuza upande wa pili, akairudisha mahali pake.

"Hii ni ya printa ya wino wa maji. Yangu ni ya wino wa unga, na ule unga unashikishwa kwa moto. Nikiipitisha hii, utando wake utayeyuka humo ndani na kuganda kama ukoko wa posho chini ya sufuria."

"Basi chukua hii nene. Gramu mia mbili na hamsini. Ukimpiga nayo mtu, anaenda hospitali."

"Trei yangu mwisho wake ni mia na sitini na tatu."

"We mama! Haya mambo ulisomea wapi?"

"Kwenye kijitabu kilichokuja na mashine. Wenzangu walitaka kukitupa pamoja na boksi."

Akachukua paketi mbili za kadi za gramu mia na sitini, rangi ya maziwa, kila paketi ina kadi hamsini. Zilikuwa mbili za mwisho dukani. Alihitaji kadi hamsini na nane tu, lakini mtu anayejua kazi yake huweka akiba ya zile zitakazoharibika.

Rukiah alikuwa karani wa Jumuiya ya Ihsani, chama cha Waislamu wa mtaani chenye ofisi ya vyumba vitatu chini ya kilima cha Lubaga. Mwaka huo watu wazima hamsini na wanane, wengi wao wauza ndizi, mafundi na madereva, walikuwa wamemaliza darasa la jioni la kusoma na kuandika. Vyeti vyao vingetolewa Ijumaa, saa nane mchana, baada ya sala. Tangu zamani Rukiah aliviandika vyeti kwa mkono, kwa kalamu ya nibu. Kisha jumuiya ikanunua printa, na mwenyekiti, Hajji Latif, akatangaza kwamba zama za nibu zimekwisha.

Katika mkutano wa kamati, Hajji Latif aliweka sharti. Vyeti vya mwaka huu vikitoka ofisini safi na kwa wakati, Bi Rukiah atabaki na meza yake. Vikishindikana, kuanzia mwezi ujao kazi zote za kuchapa zitapelekwa kwa wachapaji wa mjini, na karani hatahitajika tena. Rukiah alilisikia azimio hilo vizuri kuliko mtu yeyote chumbani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano. Aliliandika neno kwa neno, akalipigia mstari chini, kama ilivyo desturi ya maazimio. Meza hiyo alikuwa ameikalia miaka ishirini na miwili.

Hakulia wala hakulalamika. Alichukua kijitabu cha mashine, akakaa nacho wiki nzima, kamusi upande mmoja na penseli za rangi upande wa pili. Katika daftari lake akachora taa za printa moja moja na kueleza kila moja kwa maneno yake. Kijani imetulia: iko tayari. Kijani inapepesa: inapokea kazi, usiiguse. Manjano imetulia: ina njaa ya karatasi, au mlango umeachwa wazi. Manjano inapepesa: karatasi imekwama. Zikipepesa zote mbili kwa pamoja, izime, hesabu hadi thelathini, iwashe. Watu wengine ofisini, mashine ikikataa, waliipiga kofi ubavuni. Rukiah aliitazama usoni kwanza.

Sasa, jumuiya hiyo ilikuwa na desturi yake. Marehemu mwasisi alikuwa akisema kwamba elimu huingia nyumbani kwa harufu njema, kwa hiyo hakuna cheti kilichotoka pale bila kufukizwa udi. Kazi hiyo ilikuwa ya Zulaikha, mama wa Kinubi aliyepika chai ya ofisi na kusafisha vyumba. Aliweka chetezo sakafuni, akafunika tenga la miwaa juu yake, kisha akavipanga vyeti juu ya tenga kama watu wanavyofukiza nguo za sikukuu. Mtu akipokea cheti chake, alikinusa kabla ya kukisoma.

Alhamisi mchana Rukiah alipiga hesabu ya saa. Ijumaa asubuhi kuna kuchapa, kuna sahihi ya mwenyekiti, kuna mhuri, kuna kufukiza, na saa sita na nusu watu wote wanaelekea msikitini. Akamwita Zulaikha.

"Dada yangu, mwaka huu tuipindue kazi. Fukiza kadi leo, zikiwa tupu. Kesho mimi nichape tu, nigawe."

Zulaikha alisita. "Tupu, dada? Kabla ya majina?"

"Harufu haijali jina."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Tenga lilitosha paketi moja tu. Ya pili ilibaki imefungwa kabatini, ingojee asubuhi.

Ijumaa saa mbili Rukiah alikuwa mezani, mtandio umefungwa vizuri, majina yote yako tayari kwenye kompyuta. Akapakia kadi kumi. Kijani ikapepesa, mashine ikanguruma, ikavuta. Cheti cha kwanza kikatoka. Jina lilikuwa limechafuka, herufi zimejiburura kama zimefutwa kwa kiganja. Kabla hajakigeuza, mashine ikakoroma, ikanyamaza. Manjano ikapepesa.

Karatasi imekwama. Hilo alilijua. Akafungua mlango wa nyuma, akazivuta kadi polepole kwa mikono miwili, kama kijitabu kilivyoagiza. Zilikuwa tatu, zimegandana. Akazipepea zile zilizobaki, akazipanga upya, akarudia. Manjano. Akapunguza, akaweka tano. Manjano. Akabadilisha mpangilio kwenye kompyuta kutoka karatasi ya kawaida kwenda karatasi nzito. Hiyo ilitoka, lakini ukiipitishia kidole, jina lilihamia kidoleni.

Saa nne kasoro Hajji Latif akaingia, kanzu nyeupe, simu mkononi.

"Bi Rukiah, sioni vyeti, naona taa ya disko."

"Inasema karatasi imekwama, Hajji."

"Naona imekwama. Kwa nini imekwama?"

"Hilo taa haisemi."

"Basi ni taa ya bure." Akaokota moja ya zile kadi zilizokunjika, akaitupa mezani. "Nilisema mapema. Kazi ya mashine iende kwa wenye mashine. Karatasi hii uliinunua wapi?"

Rukiah alimtajia duka. Hajji hakungoja. Akapiga simu, akaiweka kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie jinsi mfanyabiashara anavyokemewa.

"Mama Aoko! Umeuzia jumuiya ya dini karatasi mbovu!"

"Hajji, salamu kwanza," sauti ya Aoko ikatoka simuni, haina haraka. "Karatasi mbovu mimi sina. Huyo mama yenu alizikagua kama anachagua mchumba. Paketi zote mbili zimetoka katoni moja. Jaribu ile nyingine, halafu ndiyo unitukane."

"Tuletee nyingine!"

"Nitoe wapi? Nilimpa za mwisho. Mpaka Jumanne." Akakata simu.

Rukiah alikwisha kulifungua kabati. Akaichana plastiki ya paketi ya pili, akaweka kadi moja tu, akabonyeza. Kijani ikapepesa, ikatulia. Cheti kikatoka kimenyooka, herufi nyeusi, kingo safi. Akakisugua kwa kidole gumba. Hakikuacha kitu.

Hajji akakipokea, akakitazama mbele na nyuma. Rukiah naye akachukua kadi moja kutoka paketi ya jana, akaishika kwa vidole viwili. Ilimng'ang'ania kidogo, kama meza iliyomwagikiwa soda. Ilikuwa imejikunja pembeni kwa joto. Harufu yake ilikuwa nzuri sana.

Alielewa wakati huohuo, na akaelewa kwamba hakuna aliyeelewa isipokuwa yeye. Moshi wa udi una utomvu. Juu ya kadi iliyokwisha kuandikwa hauna madhara, maana hakuna kinachosubiri kushika tena. Juu ya kadi tupu ni gundi. Kadi zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na unga wa wino hauishiki karatasi, unaushika utomvu.

Lakini Hajji naye alikuwa na pua. Akainusa kadi ya jana, akainusa ya leo. Wakati huo Zulaikha alikuwa mlangoni, ameshika sinia la chai.

"Hizi zimefukizwa," Hajji akasema. "Tupu. Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Hajji," Zulaikha akasema.

"Miaka tisa unafukiza vyeti vikiwa vimeandikwa. Leo umeamua kupika karatasi kama samaki?"

Zulaikha akaliweka sinia chini. Hakumtazama Rukiah.

"Sawa," Hajji akasema. "Mashine ni nzima. Karatasi ni nzuri. Bi Rukiah, nakuomba radhi, kosa si lako. Chapa hizo zilizo safi. Na wewe Zulaikha, Jumatatu usije. Nitakutumia ujumbe."

Kesi ilikuwa imekwisha kukatwa. Rukiah aliitazama printa, ambayo kijani yake ilikuwa imetulia. Alichotakiwa kufanya ni kubonyeza tu. Meza ilikuwa yake, kwa maneno ya mwenyekiti mwenyewe, na shahidi pekee alikuwa amejifunga mdomo kwa hiari yake. Zulaikha akainama kuokota kikombe kilichopinduka kwenye sinia, akaanza kufuta chai kwa upindo wa khanga yake.

"Hajji," Rukiah akasema. "Mimi ndiye niliyemwamuru."

"Nini?"

"Jana mchana. Yeye alisita, akaniuliza mara mbili. Nilitaka kuokoa muda."

Hajji Latif akaivua miwani. "Wewe? Mwenye daftari la rangi?"

"Ndimi."

"Kijitabu hakikukwambia?"

"Kijitabu kimeandikwa na watu wasiofukiza udi."

Zulaikha aliguna, akaligeuza guno likawa kikohozi. Hajji hakucheka. Akavaa miwani, akatazama saa ya ukutani.

"Paketi safi ina kadi ngapi?"

"Hamsini, pamoja na hicho ulichoshika mkononi."

"Na watu ni hamsini na wanane."

"Wanane waliobaki nitawaandikia kwa mkono. Nibu ninayo. Kalamu haihitaji moto, itakamata hata juu ya udi."

"Nilisema vichapwe."

"Ulisema vitoke ofisini safi na kwa wakati, Hajji. Niliandika mimi. Ukurasa wa tatu wa kumbukumbu."

Hajji akatoka. Kanzu yake ilipita mlangoni, na Rukiah akaufungua mlango wa nyuma wa printa.

"Una wazimu, dada," Zulaikha akasema. "Mimi sufuria za kuosha zipo Kampala nzima. Wewe meza hiyo utaipata wapi?"

"Niletee kitambaa kikavu. Humu ndani ya mashine mmejaa utomvu."

Alisafisha magurudumu ya mpira yanayovuta karatasi, akapitisha karatasi tano za kawaida mpaka zikatoka bila doa, kisha akachapa. Saa tano na robo vyeti hamsini vilikuwa vimekwisha. Zulaikha akavichukua kundi kwa kundi hadi kwenye tenga, safari hii vikiwa na majina. Rukiah akafungua kichupa cha wino. Kadi za jana zilikuwa zinanata, ikabidi azifute moja moja kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu, azilaze chini ya kamusi zinyooke, ndipo aandike. Mkono wake ulikuwa umesahau kidogo. Cheti cha kwanza alikiharibu. Vingine vinane vilitoka vizuri, ingawa si vizuri kama vya zamani, na hilo yeye ndiye aliyeliona.

Saa nane vyeti hamsini na vinane, vyenye sahihi na mhuri, vilikuwa juu ya meza ya mgeni rasmi. Watu waliitwa, wakapokea, wakanusa, wakapigiwa vigelegele. Fundi mmoja wa baiskeli alirudi kwa Hajji Latif na cheti chake cha mkono, akauliza kwa adabu kwa nini chake si kama vya wenzake; je, hakufaulu sawasawa? Hajji akamwonyesha Rukiah kwa kidole. Rukiah akamweleza kosa lilikuwa la nani, akamwahidi cha kuchapwa Jumanne. Yule fundi akakubali, lakini hakuonekana kuridhika.

Jumatatu Zulaikha alikuja licha ya kuambiwa asije, kwa kuwa hakuna ujumbe uliomfikia. Saa tatu Hajji Latif akaingia, akapokea chai kwa Zulaikha kama kawaida, akavuta kiti mbele ya meza ya Rukiah, akakohoa.

"Andika barua," akasema. "Kichwa: Onyo."

Rukiah akaweka vidole kwenye kompyuta. "Kwenda kwa nani, Hajji?"

"Kwenda kwako."

Akaandika jina lake. Hajji akaendelea, mikono nyuma ya kiti, kwamba karani tajwa, bila idhini, alibadilisha utaratibu wa jumuiya na kuharibu paketi ya kadi. Kwamba kosa likirudiwa, hatua kali zitachukuliwa. Rukiah alichapa kila neno kwa kasi yake ya kawaida. Alipofika kwenye neno "likirudiwa" vidole vyake vilipungua mwendo. Anayefukuzwa haambiwi habari za kurudia.

"Chapa nakala mbili," Hajji akasema.

"Kwenye karatasi gani?"

"Unaniuliza mimi? Hiyo si kazi yako?"

Akachagua ya kawaida, gramu themanini. Hajji akatia sahihi, akagonga mhuri. Rukiah naye akatia sahihi kwamba amepokea, akaitoboa nakala moja, akaipachika katika faili la watumishi, chini ya jina lake.

"Hajji," akasema, akitoa karatasi nyingine kwenye droo, "nikiwa nawe hapa, naomba idhini kwa maandishi. Paketi moja ya kadi, kwa Mama Aoko, kesho."

Hajji Latif aliisoma yote, mstari kwa mstari, kisha akaazima kalamu ya Rukiah, akatia sahihi.