Kifimbo cha Mama Mdogo

Wakaguzi walipoondoka waliacha ripoti ya kurasa kumi na moja, na hakuna hata ukurasa mmoja uliokuwa na neno tamu. Vyoo havina milango, walimu watoro, watoto hawasomi. Shule ikapewa mihula miwili ijinyanyue, la sivyo ifungwe na watoto wagawanywe shule za jirani. Mkuu wa shule, mwanamke asiyejua kukaa kitako, akalivalia njuga jambo hilo. Walimu watoro walikiona cha mtema kuni. Vyoo vikapata milango, kengele ikaanza kulia kwa saa yake, na darasa moja baada ya jingine likaanza kusoma. Hata la nne, lile alilozoea kuliita la vichwa maji, lilisoma baada ya kukamuliwa muhula mzima.

Likabaki darasa la pili. Ripoti ilisema watoto wa pale hawajui kusoma, na kwamba madaftari yao yamewekwa alama za vema hata kwenye kurasa tupu. Hapo Mkuu alikasirika kwelikweli, maana mwalimu wa darasa hilo alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na aliyemfundisha kusoma kwa kile kifimbo chake cha kuonyeshea ubaoni. Akasema wamemwonea mama wa watu. Kila asubuhi alipita mlangoni, akasikia watoto wakisoma kwa sauti moja, akaenda zake ameridhika. Mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye ngozi aliivuta hasa.

Zikiwa zimebaki siku tisa wakaguzi warudi, aliamua kuingia apate la kuandika kwenye ripoti ya maendeleo. Alifika mapema. Ubaoni palikuwa na sentensi iliyoandikwa Jumatatu na msichana wa darasa la saba. Mama Mdogo alipenda kumtuma huyo, ati ana mwandiko mzuri. Chaki ilikuwa imefifia, kwa hiyo Mkuu akaifuta na kuandika sentensi nyingine: Kuku ametaga mayai matano. Kisha akajikunja kwenye dawati la nyuma, magoti karibu yaguse kidevu.

Mama Mdogo akaingia, mgongo wima, gauni limenyooshwa pasi. Aliposikia Mkuu akimwamkia kutoka nyuma, akatania kwamba leo wamepata mwanafunzi aliyerudia darasa. Watoto wakacheka. Akainua kifimbo, akagusa mwanzo wa ubao, akasoma kwa sauti ile ile ya zamani.

"Baba analima shamba la mahindi."

Watoto arobaini, macho yote kwenye kuku na mayai yake, wakaitikia, "Baba analima shamba la mahindi."

Mkuu alidhani masikio yake yamemchezea. Akautazama ubao, akawatazama watoto, akautazama tena ubao. Kifimbo kilisogea neno kwa neno, kikayamaliza maneno yote manne, kikaenda kugonga mahali patupu. Mahindi. Wakarudia mara ya pili, mara ya tatu, na hakuna mtoto aliyecheka wala kugeuka. Hilo ndilo lililomtia baridi ya mifupa. Alikwenda mbele, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akamwomba binti wa dawati la mbele alisome.

Binti akalitazama neno, akamtazama mwalimu wake, akangoja. "Mwalimu hajasema bado," akaeleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni.

Loo! Kumbe kwa watoto hawa kusoma ni kungoja mtu mzima aseme, nawe useme! Na wale vichwa maji wa darasa la nne, aliowafokea mpaka wakalia, walitoka chumba hiki hiki.

Mama Mdogo akawaambia watoto wakacheze nje. Walipokwisha kutoka, akauliza kwa sauti ndogo ubaoni pameandikwa nini. Mkuu akamwambia.

"Tangu lini, Mama Mdogo?"

"Huu mwaka wa nne. Kwanza yalikuwa maandishi, sasa hata uso wako siuoni. Ningekwambia nini, mwanangu? Ningekaa nyumbani nikuangalie unavyonihudumia?"

Mkuu alitaka kumkumbatia na alitaka kumfokea, na yote mawili yalimshinda.

Shule haikufungwa, nikwambie mapema usije ukakaa roho juu. Iliongezewa muhula, na darasa la pili likapata mwalimu mwingine. Lakini hayo Mkuu hakuyajua alasiri ile, alipokaa sebuleni kwa Mama Mdogo na ripoti ya maendeleo mkononi. Alichojua ni kwamba kweli ingeweza kuifunga shule, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kweli hiyo alikuwa ameiandika. Utaratibu ulitaka mwalimu anayetajwa asomewe, atie sahihi.

Akasoma habari za vyoo, za mahudhurio, za darasa la nne. Akafika darasa la pili, akasoma idadi ya watoto, akaendelea na darasa la tatu.

Mama Mdogo akainua mkono. "Umeruka mstari."

Mkuu akasema hajaruka.

"Tangu ukiwa na miaka saba, ukitaka kuruka mstari unavuta pumzi kwanza. Rudi nyuma. Weka kidole."

Mkuu, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, akaweka kidole chini ya mstari. Akasoma.

"Mwalimu wa darasa la pili haoni. Kwa miaka minne nimepita mlangoni kwake kila siku, na sikuingia."

Mama Mdogo akamwambia amesoma vizuri, akanyoosha mkono, akaomba aonyeshwe pa kutia sahihi.