Zile Nne Zote

Mgonjwa alikuwa mama mshona nguo, mwenye figo moja tu linalofanya kazi, na uvimbe ulikuwa umeota juu ya hilo hilo. Likiharibika, hana jingine.

Mimi kazi yangu ni kusukuma vitanda na kusimama karibu na roboti, niivute nikiambiwa. Tumbo hujazwa gesi likainuka kama hema, na humo ndimo mikono ya chuma hufanya kazi. Misuli ikikaza, hema linashuka. Ndiyo maana mzee wetu, daktari wa usingizi, huuliza kila mara, "Nafasi?" na mpasuaji, aliyeinamia pembeni mashine ya kuiongoza mikono hiyo, hujibu kwa namba. Tano ni uwanja. Moja ni kuacha kazi. Kwa jibu hilo mzee hupima dawa ya kulegeza misuli.

Tatizo, mpasuaji huyo alikuwa mkamwana wa mzee, mke wa mwanawe. Mficha uchi hazai, lakini hayo nani amwambie mkwewe?

"Nafasi?"

"Nne," akasema mkamwana.

Nikatazama televisheni ya ukutani. Utumbo ulikuwa umejaa mpaka kwenye mkasi, na mkasi unapapasa kando ya mshipa mkubwa. Nne gani hiyo? Sista naye aliona, akakohoa. Mzee akauliza tena. Nne. Akakunja mikono, akajisifu kwamba yeye hahitaji dawa nyingi kumlegeza mgonjwa.

Mara tumbo likashtuka. Mkasi ukakwaruza mshipa, damu ikachungulia. Mkamwana akaachia vishikio, akainua kichwa.

"Mbili, baba. Na zile nne zote zilikuwa mbili."

Mzee akakunjua mikono.

"Ulikuwa unanidanganya?"

"Nilikuwa nakustahi."

"Kanistahi nyumbani," mzee akasema, bomba la sindano tayari mkononi. "Hapa tutaua mtu."

Mkamwana akarudi kwenye mashine, akabana pale panapovuja, akatulia. Tukasubiri. Polepole hema likainuka, utumbo ukarudi nyuma.

"Nafasi?"

Nilidhani atasema tano, kumpoza mzee. Akatazama kwanza.

"Tatu."

Mzee akaongeza dawa. Mshipa ukashonwa, uvimbe ukatoka, figo likabaki jekundu mahali pake.

Nikitoa kitanda, nikamsikia mzee akimwambia sista kwamba mwanawe kaoa mwanamke mkali. Alisema kwa sauti, ili mwenyewe asikie.