Maji ya Kisima Namba Tisa

Mpwa wangu Lois hulipwa kumwaga maji ardhini. Sisi huku Mata tunagombania zamu ya mfereji, kwao Sagalla mitungi ya maji hupanda mlima kwa bodaboda, na kampuni yake inasukuma maji chini ya ardhi, ng'ambo huko, ili yayafukuze mafuta yatoke visimani. Miaka arubaini sasa. Nilimwambia hiyo ni dhambi, akacheka.

Alikuja kwangu na kompyuta ambayo ndani yake ameunda mfano wa ardhi hiyo: miamba, visima, presha. Mfano lazima kwanza ueleze yaliyopita sawasawa, ndipo uaminiwe kwa yajayo. Wake ulikuwa mwongo. Ulidai maji yangefika kisima namba tisa baada ya miaka sita, kumbe yalifika kwa miezi sita. Kama asingeurekebisha kufikia Jumatatu, mkataba wake haungeongezwa. Hata kula alikuwa amesahau.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya maji. Nikafungulia, nikangoja, migomba yangu ikabaki kavu. Ya jirani yangu Mbuvi, chini kule, ikaoga. Mimi sina subira na wezi. Nilienda moja kwa moja kwa kamati ya mfereji nikamshtaki mbele ya watu wote.

Niliporudi nilimkuta Lois amemwaga bluu ya kufulia mahali maji yanapoingia shambani kwangu, anahesabu dakika kwa simu. Dakika ya kumi na moja, bluu ikatokea kwa Mbuvi. Tukachimba katikati. Fuko alikuwa ametoboa njia ndefu chini ya migomba yangu yote, na maji yalikuwa yakipita humo. Lois alikimbia nyumbani na matope hadi magotini, akachora ndani ya mfano wake njia kama hiyo kuelekea kisima namba tisa, na mfano ukakubali: miezi sita.

Nilifurahi sana. Kwa kamati sikurudi kufuta mashtaka. Nilijiambia watasahau wenyewe.

Jumatatu Lois alipaswa kujieleza kazini kwa video, mtandao ukagoma kwangu. Mahali pekee unaposhika ni barazani kwa Mbuvi. Alituwekea viti bila kunitazama. Bosi wa Lois, Bi Janet, aliyekuwa Nairobi, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mtu yeyote anaweza kuchora njia ili hesabu ikubali. Alitaka kujua kama Lois amewahi kuona maji yakifanya hivyo kwa macho yake. Lois akajibu ameona, na shahidi yupo. Akanigeuzia kompyuta.

Nilimwonea huruma, na nikajionea huruma zaidi.

"Ni kweli, madam," nikasema. "Mimi nilisema jirani yangu ni mwizi. Hakuiba. Maji yalipita chini."

Bi Janet akasema sawa, watajaribu rangi kwenye kisima kile, na Lois ndiye atakayesimamia. Lois akalia hapo hapo.

Mbuvi alivuta kiti karibu na kompyuta.

"Madam, usikate," akasema. "Mwambie huyu jirani yangu arudie polepole. Network ilipotea hapo kwenye 'hakuiba', na kamati ndio hao wanaingia kwa ile kesi."